Shukrani ya Msafiri

Hapana mwenye akili atakayebisha kwamba shukrani ni sifa njema. Lakini iko shukrani inayomdhili mtu asiyekuwapo, nami nataka kusema neno juu yake.

Kijana mmoja wa jamaa yangu, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa akijitayarisha kwenda Nambambo, Nachingwea, kumwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Alichanjwa, akanunua dawa za malaria na kurunzi, na kila alipotia kitu sandukuni moyo wake ulizidi kujaa shukrani: kwa maji ya bomba, kwa umeme usiozimika, kwa daktari wa karibu. Aliniandikia kwamba safari imemfaidi kabla hajaianza.

Nilifurahi, kisha nikaona haya. Shukrani ile ilisimama juu ya upungufu wa kizee asiyejua kuwa amefanywa kipimo. Bibi akichimbiwa kisima kesho, je, shukrani ya mjukuu itapungua? Ikipungua, haikuwa shukrani. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mwenye kushukuru humtafuta aliyempa.

Basi nikamjibu kwa habari za nchi anayoiendea. Baada ya vita vilivyokwisha 1945, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, hata watu wakagawiwa kwa kipimo mpaka 1954. Serikali yake ikaitupia macho Tanganyika. Kuanzia 1947 mapori yalifyekwa kwa matrekta Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili zipandwe karanga. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikafikishwa Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zimepotea. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. (Nani leo angedhani treni ilipata kulia huko?) Wahitaji siku zile walikuwa wazee wa London, na tumaini lao lilikuwa udongo wa Nachingwea. Hata sasa korosho za huko huliwa mbali na watu wasioijua njia ya kwenda. Nikamwambia: ukitaka kushukuru, anzia katika deni.

Jibu lake halijafika. Lakini nilipompigia simu bibi kumwarifu ujio wa mgeni, aliniuliza, "Mwanangu, ni kweli kule mtu hula peke yake, na mlango umefungwa?" Nikakiri kwamba huwa hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akamshukuru Mungu kwa kuzaliwa Nambambo.