Matanga Yakiisha, Mtoto ni wa Nani?

Kanisa la mjini linajua kuzika. Mshirika akifariki, jumuiya hukesha, kwaya huimba, michango hukusanywa, na gari la kwenda makaburini hupatikana hata kwa taarifa ya usiku. Swali letu ni la siku zinazofuata: matanga yakiisha, mtoto aliyebaki ni wa nani?

Wengi tutajibu kuwa ni wa ukoo. Ni kweli, na ni jambo jema; yatima wengi nchini mwetu wanalelewa na bibi, shangazi na wajomba. Lakini sisi tunaosali Kariakoo tunajua ukoo wa mjini ulivyo. Bibi yuko Mbagala katika chumba cha kupanga, mjomba yuko mkoani. Marehemu ameacha kizimba sokoni au mzigo wa vitenge kwenye fremu, na ndugu anayewahi kufika ndiye anayeondoka nao. Mtoto anabaki na sare iliyochakaa.

Mtume Yakobo aliipima dini kwa jinsi inavyowaendea yatima na wajane. Torati nayo iliwawekea yatima fungu katika zaka ya kila mwaka wa tatu. Fungu hilo halikungoja mtu aguswe moyo. Lilikuwa haki yao. Na katika Matendo sura ya 6, kanisa la Yerusalemu lilikuwa na upendo mwingi, hata hivyo wajane wengine walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Dawa yake haikuwa mahubiri zaidi. Walichaguliwa watu 7 wa kuisimamia kazi hiyo. Huruma isiyo na utaratibu humsahau yule asiyeweza kupiga hodi.

Tutasema hatuna fedha za kujenga kituo. Kwanza, tuwe na daftari. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na uchovu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Isiwe hivyo kwa watoto walio mikononi mwetu. Kila jumuiya iandike jina la mtoto aliyefiwa, anaishi na nani, anasoma wapi, na watu wawili waliofundishwa wamtembelee.

Pili, tuijue sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake. Mzee wa kanisa anayelijua hilo anaweza kuketi na wanaukoo kabla mzigo haujagawanywa, akauliza kwa upole: na fungu la mtoto liko wapi? Naye mwenye moyo wa kumpokea mtoto nyumbani kwake asimchukue kimyakimya. Apitie kwa afisa ustawi wa jamii, ili mtoto awe salama.

Tatu, tumsaidie mtoto bila kumwaibisha. Unga na sare vimfikie bibi nyumbani. Mtoto asisimamishwe mbele ya ibada ya Krismasi ili apigwe picha na mfadhili wake.

Haya hayahitaji jengo. Yanahitaji shemasi mwenye daftari, mzee asiyeogopa kikao cha ukoo, na sisi sote tulio tayari kurudi kwenye nyumba ya msiba mwezi wa tatu, wakati turubai limekwisha kuondolewa. Mungu, aliye Baba wa yatima, atusaidie kurudi.