Tembo, Siki na Hukumu

Wanazuoni wa usuli wamethibitisha ya kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukitambua kitu chenyewe. Na atakaye kuipima kanuni hiyo na auzingatie mnazi, mti uliozoeleka huku Bofu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ambako mwenye kuswali na mwenye kugema hukaa mtaa mmoja, na pengine huwa ni mtu yule yule. Ukiuliza barazani iwapo tembo la mnazi ni halali au ni haramu, aghalabu utajibiwa kwa neno moja. Nami nasema swali hilo halijibiki hivyo, kwa kuwa lile linaloulizwa si kitu kimoja.

Mgema hulifunga karara lingali halijapasuka, akalikata ncha kwa kotama, akatungika kibuyu, kisha akapanda asubuhi na jioni kulikata tena kidogo, ili njia ya maji isizibe. Yadondokayo hapo ni maji matamu, na wenyewe huyaita tembo tamu. Yakichemshwa upesi huwa asali. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331 akawakuta watu wake ni Mashafii wenye dini, aliieleza kazi hii hii alipoandika habari za minazi ya Dhofar, akaihesabu asali ile katika manufaa ya mti.

Lakini tembo halingoji. Chachu, kiumbe hai ambacho Louis Pasteur alibainisha mwaka 1857 kuwa ndicho kichachushacho, huanza kuila sukari hata kabla kibuyu hakijateremshwa, maana kibuyu cha jana hakikosi mabaki. Na kwa saa chache kileo hufika asilimia 4 hivi, likawa tembo kali, linywewalo mangweni. Likizidi kuachwa, vijidudu vingine hukigeuza kileo kile, likawa siki ya kutilia kachumbari. Basi tunda la karara moja limepita katika hali tatu, na mgema ana jina la kila hali, wala halichanganyi na la mwenziwe.

Sheria nayo imekwenda mwendo huo huo. Illa, yaani sababu, ya uharamu ni kulewesha, wala si jina la kinywaji wala mti uliokitoa. Na katika Hadithi sahihi imepokewa ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirowekewa zabibu, akanywa maji yake hadi siku ya tatu, kisha yaliyosalia asiyanywe. Imamu Nawawi katika Minhaj at-Talibin, kitabu tegemeo cha madhehebu yetu ya Shafii, amesema khamri iliyogeuka siki yenyewe imetoharika, hata ikiwa imehamishwa kutoka juani kwenda kivulini. Walakini ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, haitohariki. Mahanafi hapo hawakuafikiana naye. Je, siki hiyo ni tembo lile lile lililovuliwa sifa, au ni kitu kingine kilichozaliwa mahali pake? Mimi naona ni kitu kingine, kwani kitu hujulikana kwa sifa yake na athari yake, na hakuna aliyepata kulewa kwa siki.

Zito zaidi ni tembo tamu. Wapo wanaolihalalisha kwa utamu wake tu, nao wamekosea, kwa kuwa ulimi hauwezi kuutambua mwanzo wa kileo. Na wapo wanaoliharamisha kwa jina lake tu, nao pia wamekosea, kwa kuwa lililoteremshwa katika chombo kipya na kuchemshwa papo hapo halina tofauti na maji ya muwa. Baina ya makundi haya mawili, ajuaye yakini ni mgema.

Kwa hiyo nawaomba masheikh na maimamu wetu, kabla ya kutoa fatwa, wamwite mgema, wamkalishe kwa heshima, wamuulize kibuyu kilioshwa vipi, kilitungikwa lini na kimeteremshwa saa ngapi.