Kazi Mbaya Inajulikana Namna Gani?



Siku moja ya yenga, kisha ibada, ndugu mumoja kijana alitungojea inje ya kanisa. Alikuwa anatumika kwenye depo ya wanunuzi wa madini, pembeni ya barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi. Kazi yake ilikuwa kupima mifuko ya wachimbaji. Alituambia kama mukubwa wake alimufundisha kuharibu mizani, kusudi mufuko wa kilo 50 uonekane wa kilo 42. Akauliza: «Niache kazi hii?» Tulimujibu mbio mbio: «Uiache leo.» Akatuangalia, akasema: «Na kesho nani atalisha watoto wangu? Ninyi?»

Tulinyamaza. Ni juu ya kunyamaza kule tunaandika maneno haya.

Kwanza tuondoe kosa moja. Kazi nzito si kazi mbaya. Baba zetu waliotumika Union Minière walishuka ndani ya shimo, walimeza vumbi, lakini walipata posho, masomo ya watoto na hospitali. Ndiyo sababu watu walisema kampani «njo baba, njo mama». Kampani ilipokuwa ya Serikali katika 1967, na kisha ikaitwa Gécamines, neno lile liliendelea. Hatulicheki. Lakini lilikuwa na hatari ndani yake: mutoto haachi baba na mama, hata wakiacha kumulisha.

Na siku hizo zilifika. Mugodi wa Kamoto uliporomoka katika 1990. Kampani iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 haikufikisha hata tani 50,000 katika 1994. Mishahara ilichelewa miezi, kisha ikachelewa kupita miezi. Katika 2003 na 2004, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka katika mupango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hiari! Mutu asiyelipwa muda murefu, ukimuonyesha feza mukononi, ana hiari gani? Wengine walifungua biashara, wengine walirudi shambani, wengine feza iliwaishia mbele hawajajua wafanye nini. Lakini tusiwahukumu, wala waliotoka wala waliobaki. Kazi yao haikuwa mbaya. Ilikufa mikononi mwao. Hakuna aliyewaagiza kumuibia mwenzao.

Kwenye depo ni kinyume. Pale mushahara ulifika kila mwezi bila kukosa. Watoto wa ndugu yetu walisoma, muke wake alivaa vizuri, na sisi tulimusifu mbele ya vijana wengine. Basi, kazi ile ndiyo mbaya, kwa sababu kadiri alivyoifanya vizuri, ndivyo mwenzake alivyoumia. Muchimbaji aliyelala ndani ya shimo usiku muzima anaacha kilo 8 kwa kila mufuko, na hajui.

Tulimuuliza ndugu yetu kama muke wake alijua. Hapana. Alikuwa anamueleza kila kitu cha depo, isipokuwa mizani. Tena alianza kuwazarau wachimbaji: wanachanganya udongo, ni walevi, na feza yote wangeinywa tu. Labda mumoja au wawili ni hivyo. Lakini mutu anapohitaji kuwasema vibaya watu anaowapima, kusudi apate kulala usiku, ajue kazi yake imekwisha kuingia moyoni.

Sasa, kuacha? Maandiko hayatupatii jibu moja. Watoza kodi walipomuuliza Yohana Mubatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasidai kupita kiasi kilichowekwa. Lawi aliacha vyote, akasimama. Zakayo alirudisha mara ine, na Luka haelezi kama kisha siku ile alirudi kwenye kiti chake. Kwa hiyo tulimurudia ndugu yetu na ulizo lingine: unaweza kuifanya kazi hii na mizani ya haki? Nenda umuombe mukubwa wako. Alienda. Mukubwa alicheka, akamuonyesha mulango.

Hapo jibu lilikuwa wazi. Ilibaki kuchagua siku tu. Na ndipo tuliona kosa letu la kwanza. Kila siku tunasema Upendo, Amri, Kazi, na tunajua Kazi ni ya tatu. Lakini tulimupatia Amri kavu, bila Upendo, kwa sababu neno «leo» halikutupotezea sisi hata franka moja. Mama mumoja wa parokia alimukopesha kinga ya kuuzisha makala. Mwingine alimuachia sehemu ya shamba. Yote ilichukua majuma sita.

Na katika majuma yale sita, mizani? Tulibishana sana. Muzee mumoja alisema kila mufuko ni wizi mupya. Mama mumoja alisema njaa ya mutoto haingojei. Ndugu yetu mwenyewe alitumalizia mabishano: aliomba kubeba mifuko pamoja na wabebaji, kwa nusu ya mushahara, mupaka siku ya kutoka.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatukulifikiri, na yeye ndiye aliyetukumbusha. Katika miaka ile alitoa sana katika nsinsani, kupita vijana wote. Tulimupigia makofi. Anataka kuwarudishia wachimbaji, lakini hakuandika majina yao, na wengi wamekwisha kuhamia mashimo mengine. Mutunza-sanduku alifungua kitabu. Manjanja kumi na mbili ya upande wa kuume wa kanisa yalinunuliwa na toleo lake. Tumekutana mara tatu juu ya manjanja yale, na hatujapatana bado.