Je, Huruma Yasomewa?

Mtoto akichaguliwa kusomea udaktari, uhandisi au sheria, nyumba nzima hushangilia. Majirani huambiwa, na jogoo hachelewi kuchinjwa. Lakini akirudi na barua ya kusema kwamba amepata nafasi chuo kikuu ya kusomea kazi ya ustawi wa jamii, miaka mitatu mizima, baba hukaa kimya kidogo, kisha huuliza: “Huko utafundishwa nini? Kuwahurumia watu? Mbona bibi yako aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, wala hakuingia darasani hata siku moja?”

Wako watakaomcheka baba huyo. Sisi hatumcheki, maana swali lake ni zito kuliko anavyodhani mwenyewe. Kumlisha mwenye njaa na kumtazama mgonjwa ni amri iliyowekwa juu ya kila mtu, mwenye shahada na asiye nayo. Basi yawezekanaje amri ya wote ikawa ujuzi wa wachache, wenye cheti na mshahara? Na anayelipwa ili awasaidie watu, je, awapenda au anauza upendo?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon nchini Ufaransa, padri mmoja alikuwa akijitayarisha kwa Misa ya Dominika alipoletewa habari ya familia iliyokaa nje ya mji. Wote walikuwa wagonjwa, hata hapakuwa na mzima wa kuwahudumia. Padri huyo ndiye tumwitaye leo Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Akawaambia waamini habari hiyo katika mahubiri. Alasiri alipokwenda mwenyewe kuwaona wagonjwa, alikuta njia imejaa watu, hawa wanakwenda, hawa wanarudi, na vyakula tele. Mtu mwingine angeishia kumshukuru Mungu. Yeye alivitazama vyakula vile akafanya hesabu: vingine vitaharibika leo, na baada ya siku chache watu wale watakuwa na njaa kama mwanzo. Huruma ilikuwapo ya kutosha. Kilichokosekana ni utaratibu. Basi akawakusanya wanawake wa mji ule, wakapangiana zamu, wakaandikiwa kanuni. Mwaka 1633, pamoja na Luisa de Marillac, akaanzisha Mabinti wa Upendo, nao hawakutumwa kwa wagonjwa kabla ya kufundishwa namna ya kuwahudumia.

Wasomaji wetu waliangalie neno hilo: kufundishwa. Halikuzuliwa na vyuo vikuu vya siku hizi. Vyuo vyenyewe vilikuja baadaye sana. Mwaka 1898 watu waliosaidia maskini mjini New York walianza kufundishwa kwa majuma machache wakati wa kiangazi, na mwaka 1899 shule ya kazi hiyo ikafunguliwa Amsterdam. Mary Richmond wa Marekani, ambaye mwenyewe hakupata kusoma chuo kikuu, alitoa mwaka 1917 kitabu kinene juu ya namna ya kuchunguza shida ya mtu kabla ya kuikata shauri. Miaka miwili kabla yake, bwana mmoja mwenye sifa kubwa, Abraham Flexner, alikuwa amewaambia watu wa kazi hiyo mbele ya mkutano wao kwamba bado haijastahili kuitwa taaluma. Walikasirika, wakaenda kusoma zaidi. Kwetu Tanzania chuo cha taifa cha mafunzo hayo kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1973, nacho sasa ndicho Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Dar es Salaam.

Lakini historia haimjibu yule baba. Yeye auliza ni kitu gani hasa kinachofundishwa, ambacho moyo mwema hauna. Twaona jibu linapatikana vizuri katika mambo yaliyotokea Uingereza.

Miaka ile mtoto aliyelazwa hospitali huko aliweza kukaa siku nyingi bila kumwona mama yake, kwa kuwa saa za kutazama wagonjwa zilikuwa chache mno. Wauguzi walikuwa na sababu yao. Waliona kwamba mtoto hulia sana siku ya kwanza na ya pili, kisha hunyamaza, hula, hutii. Mama akija tu, kilio huanza upya. Basi wakasema: mtoto amekwisha kuzoea, mama ndiye anayemsumbua. Wauguzi hao hawakuwa wakatili. Wengi wao walikuwa watu wa huruma kweli kweli, nao walitaka watoto wapone kwa utulivu.

Akatokea James Robertson, aliyesomea kazi ya ustawi wa jamii upande wa magonjwa ya akili, akifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby. Huyo Bowlby mwaka 1951 alikuwa ameliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya watoto waliotengwa na mama zao. Robertson aliketi wodini akatazama, siku baada ya siku, akaandika alichokiona. Aliona kwamba ule utulivu haukuwa utulivu. Mtoto alikuwa amekata tamaa. Alinyamaza kwa sababu amejua kwamba kulia hakumrudishi mama. Mwaka 1952 akaonyesha filamu aliyoipiga mwenyewe ya msichana wa miaka miwili, jina Laura, aliyekaa hospitali siku 8. Madaktari wengi walioiona mara ya kwanza walikasirika, wakasema hospitali zao zinasingiziwa. Hata hivyo mwaka 1959 kamati ya serikali ya huko ilishauri wazazi waruhusiwe kuwatazama watoto wao wakati wowote, na desturi ikaanza kubadilika.

Kimya kile kile kilionekana kwa macho ya muuguzi na kwa macho ya Robertson. Mmoja aliona mtoto aliyezoea, mwingine aliona mtoto aliyevunjika moyo. Tofauti yao haikuwa wingi wa huruma. Ilikuwa ni elimu juu ya mtoto, na zoezi la kutazama bila haraka ya kujiridhisha. Hiyo ndiyo iitwayo nadharia, neno ambalo wengi wetu hulichukia bure. Kumbe nadharia ikitumiwa vema ni jicho la pili, na aliyekosa jicho hilo aweza kumwumiza mtu huku akimbembeleza.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya Uingereza peke yake. Ni mara ngapi mfadhili mwema amemwona mtoto mwenye nguo zilizoraruka sokoni, akamhurumia, akampeleka kwenye makao ya watoto, na picha ikapigwa? Imejulikana katika nchi nyingi kwamba sehemu kubwa ya watoto walioko makaoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Aliyesomea kazi hii hufundishwa kuuliza kwanza: mama yu wapi? Bibi je? Mjomba alitafutwa? Ni kitu gani kinachopungua nyumbani, nacho chaweza kupatikana kwa gharama gani? Huenda ni gunia la mahindi na sare ya shule. Maswali hayo hayana utamu wa kupigiwa picha, lakini kwa ajili ya kukosa kuulizwa, mtoto aweza kupoteza ukoo wake mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii wajibu wa kuchunguza hali ya mtoto na kuieleza mahakama. Hakimu anapongoja taarifa hiyo ili aamue mtoto akae kwa nani, moyo mwema peke yake hautaiandika.

Walakini vitabu navyo vina mipaka yake, na chuo kinachofundisha kwa vitabu tu chafaa kufungwa. Huko Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kazi hii hana budi kutimiza saa 400 za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, na wa shahada ya pili saa 900. Saa hizo si nyongeza. Tumewaona vijana wanaoweza kueleza nadharia ya mifumo pasipo kupumua, kisha wakiketishwa mkekani mbele ya mama asiyetaka kusema, hawajui la kufanya, nao hujaza kimya kile kwa mashauri. Kunyamaza na mtu ni somo gumu. Halisomwi maktabani. Husomwa nyumbani kwa watu, ukikosea, na jioni msimamizi anaisoma taarifa yako na kukuuliza: kwa nini hapa ulimkatiza?

Liko jambo lingine linalowasumbua Wakristu wanaosoma kazi hii, nalo lataka kusemwa wazi. Mwaka 1957 Padri Felix Biestek, Mjesuiti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Loyola huko Chicago, alitoa kitabu juu ya uhusiano wa mhudumu na mhudumiwa, na kanuni zake saba zafundishwa hata leo karibu kila mahali. Mojawapo ni kutunza siri, na hiyo haiwapi Wakatoliki shida kuielewa. Nyingine ni kumpokea mtu pasipo kumhukumu. Hapo wengine hushtuka: je, tusilaani tena dhambi? Padri huyo aliliona swali lao. Kumpokea mtu jinsi alivyo si kulisifu alilolifanya. Msichana aliyepata mimba shuleni, akikutana kwanza na hotuba, hatarudi mara ya pili, na siku atakapokuwa katika hatari kubwa zaidi hatakuja kwako.

Kanuni iliyo ngumu kweli kwetu ni ile isemayo kwamba mwenye shida ndiye aamue mambo yake mwenyewe. Huko ilikoandikwa, mtu mzima huja ofisini peke yake, huamua peke yake. Kwetu tumfikirie mjane ambaye shemeji zake wamefika kugawa vitu vya marehemu. Kitabu chasema: msikilize yeye. Mila yasema: kuna kikao cha ukoo. Mwanafunzi ashike lipi? Akishika kitabu peke yake, aweza kumtoa mama yule katika ukoo ambao kesho ndio utakaomuuguza na kumzika. Akishika mila peke yake, aweza kukaa akitazama mjane akivuliwa mpaka vyombo vya jikoni, huku akijisemea kwamba anaheshimu utamaduni. Ukoo huo huo waweza kuwa mkono unaoshika au mkono unaopora. Sisi twasema haki ya mjane haiuzwi kwa ajili ya amani ya kikao. Lakini twasema pia kwamba aliye hodari katika kazi hii atamtafuta ndani ya ukoo yule mzee mmoja mwenye haya, kabla ya kukimbilia mahakamani. Vyuo vyetu vingefanya vema kuandika mashauri ya namna hiyo, yaliyotokea Sumbawanga na Tandahimba, wanafunzi wayabishanie, kuliko kuwakaririsha ya Chicago tu. Hata wenye kazi hii duniani kote, walipokubaliana mwaka 2014 juu ya maana ya kazi yao, waliyataja maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya msingi wake.

Twarudi kwenye mshahara. Katika mfano wa Msamaria, mahubiri yetu humsahau mtu mmoja, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliyafunga majeraha, akamtunza yule mtu, na siku ya pili akatoa dinari mbili, akamkabidhi, akaahidi kulipa itakayozidi. Aliyemtunza majeruhi siku zilizobaki alilipwa. Hakuna mahali anapolaumiwa. Wala bila yeye jambo la Msamaria lisingetimia, maana alikuwa na safari yake. Mshahara haunajisi huduma. Kinachoinajisi ni kumwona mtu kama faili. Tunakiri hatulipendi sana neno “mteja” linalotumiwa ofisini kwa mwenye shida, kwa kuwa ndilo atumialo mwenye duka, na mitaani “teja” limekwisha kuwa jina la mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya upendo, alifundisha kwamba ujuzi wa kazi ni sharti la kwanza kwa wanaohudumu, ila hautoshi, na moyo nao sharti ulelewe.

Na bibi je, ambaye hakusoma? Si kweli kwamba hakusoma. Alisoma miaka 60: kwenye misiba, kwenye uzazi, kwenye magomvi ya ndoa, chini ya wanawake waliomtangulia, nao walimsahihisha bila huruma. Aliwajua watu wote wa kijiji na babu zao. Mjukuu wake atafanya kazi Mbagala au Buguruni, ambako jirani wa kulia ametoka Kigoma, wa kushoto ametoka Lindi, na hakuna amjuaye mjomba wa mwenzake. Hana miaka 60 ya kungoja.

Kwa hiyo baba na ampe nauli, ampe na baraka. Na mwanafunzi wa kazi hii akija parokiani kwenu kuomba mahali pa kufanyia mafunzo yake, asipewe kufagia kanisa wala kupanga madaftari ya ubatizo. Mwenyekiti wa jumuiya na ampeleke katika nyumba tatu zile ambazo jumuiya imeacha kuzitembelea.