Breki nazo ni kadari

KILA inapotokea ajali ya gari nchini mwetu, kauli ya kwanza kusikika msibani ni kwamba hiyo ni mipango ya Mungu. Kauli hiyo ni ya kweli, na kwa mfiwa ni faraja. Lakini ikitamkwa na dereva aliyekuwa akikimbiza gari, au na mwenye gari aliyejua kuwa breki zimekwisha, huwa ni njia ya kukwepa lawama. Je, kadari inamfutia mtu dhima?

Mimi nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu huku Machame, na wanafunzi wangu wakimaliza kipindi changu huingia katika fizikia. Huko hufundishwa kanuni aliyoiandika Newton mwaka 1687, kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea na mwendo ule ule katika mstari ulionyooka, mpaka kani nyingine ikibadilishe. Tabia hiyo huitwa inesha.

Anayetaka kuiona kanuni hii hahitaji maabara. Apande daladala inayoteremka Moshi. Geti la Machame la kupandia Kilimanjaro liko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Dereva makini huweka gia ndogo ili injini imsaidie kulizuia gari. Asiyejali hutoa gia ili aokoe mafuta, akaziachia breki kazi yote. Nazo zikipata moto sana hazishiki.

Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, linalosimama ni gari. Abiria asiyefunga mkanda huendelea na mwendo ule ule mpaka azuiwe na kiti au kioo. Pigo hilo ni sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 14, yaani jengo la ghorofa nne. Mama aliyempakata mtoto wa kilo 10, gari likasimama ndani ya nusu mita, atahitaji nguvu ya kushika mzigo wa kilo 280. Mapenzi ya mama ni makubwa, lakini mikono yake haiwezi.

Mizani nayo ina hukumu yake. Mikungu ya ndizi ikirundikwa juu ya keria, kitovu cha uzito hupanda, na kwenye kona gari hupinduka kwa urahisi. Majini ni hivyo hivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Sasa turudi kwenye kadari. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kuwa huko kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akamfahamisha kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine iliyo ya Allah vile vile. Kwa ufahamu huo, mteremko ni kadari, na breki nazo ni kadari. Aliyeziacha ziishe amechagua.

Isitoshe, Suratun-Nisaa aya ya 92 inamuwajibisha aliyeua muumini kwa kukosea atoe diya kwa jamaa wa marehemu, pamoja na kafara. Hakukusudia, na bado anadaiwa. Kama kadari ingefuta dhima, diya ingekuwa ya nini?

Na sisi abiria tusijitoe. Konda akiongeza mtu wakati gari limejaa, tunasogea. Mzee akisema, "Kijana, punguza mwendo," wapo wanaomcheka na kumwambia akapande teksi. Kimya hicho nacho kimekuwa desturi, na desturi haiachi njia yake mpaka izuiwe. Sauti ya mzee mmoja ni kani ndogo. Sauti ya gari zima dereva ataisikia.

Tumuombe Allah atulinde na ajali, na tukishaomba, tufunge mikanda.