Fimbo ya Mbali

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa moja usiku, nilikuwa nimejilaza chumbani kwangu Nairobi nikitazama maonyesho ya chinchila kwenye simu. Maonyesho yenyewe yalikuwa Minnesota, Marekani, ambako muda huo ilikuwa saa nne asubuhi na nje theluji tupu. Nilikuwa nimenunua bando kwa ajili hiyo tu. Najua kuna msomaji atakayeuliza kama sina kazi. Subiri kidogo.

Chinchila ni mnyama mdogo kuliko sungura, mwenye masikio ya mviringo na mkia wa manyoya. Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Manyoya yake yamesongamana kiasi kwamba tundu moja la ngozi huweza kuotesha nywele zaidi ya 50, na uzuri huo ndio uliomponza: aliwindwa hadi akakaribia kuisha porini. Mwaka 1923, Mmarekani aliyeitwa Mathias Chapman aliwatoa wanyama 11 Chile akawapeleka California kuwafuga, na wengi wa wanaofugwa Marekani leo husemekana ni kizazi cha hao. Dada yangu anao wawili.

Nikisema dada, namaanisha binti ya shangazi, lakini kwetu Taita undugu haupimwi kwa rula. Alikwenda Marekani kusomea uuguzi, akabaki huko. Mwenzake wa kazini alipohama nyumba, alimwachia chinchila mmoja, yeye akamtafutia mwenzake. Shangazi alipoonyeshwa picha, akiwa kwake Wundanyi, aliguna: "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukafuge panya?" Tulicheka mwaka mzima.

Kisha figo za dada zikakataa kazi. Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kila mara kama muda wa saa nne hivi. Na maonyesho, kama ilivyo bahati ya watu wengine, huwa Jumamosi. Rafiki yake ndiye humbeba mnyama hadi ukumbini. Mtu mwingine huisimamisha simu kwenye stendi ya miguu mitatu na kurusha mambo laivu. Dada hutazama akiwa kwenye kiti chake, mkono mmoja umeunganishwa na mashine, mwingine umeshika simu. Siku hiyo alinitumia linki na maneno machache: "Njoo, nisitazame peke yangu."

Basi swali lililonikaa kichwani tangu siku ile ni hili: je, dada alihudhuria maonyesho yale?

Jibu la haraka ni hapana, na lina uzito wake. Jaji hupangiwa vizimba vidogo mbele yake, chini ya taa maalumu, akamlinganisha mnyama huyu na huyu: ukubwa, umbo, wingi wa manyoya, na zaidi rangi. Kijivu safi kina ubuluu kwa mbali. Kikiwa na umanjano, mnyama anashushwa. Jaji huinama, hupuliza manyoya yatengane, kisha huchungulia ndani. Kamera ya simu itaona nini hapo? Kila mtu alipopita mbele ya taa, simu ilijirekebishia rangi yenyewe, wanyama wote wakawa bluu, halafu wote wakawa manjano. Mnyama wa dada alishika nafasi ya tatu, na katika sisi tuliotazama kwa mbali hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Kuna pia wasiwasi wa watu wa shughuli yoyote ile, iwe ni ya wanyama, kanisa au ngoma: ukiirusha hewani, nani atajisumbua kuja? Nani atapanga viti? Wahenga walishalimaliza: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini ngoja nieleze kilichotokea. Mashindano yakiendelea, dada aliacha kunijibu kwenye WhatsApp. Nikaona jina lake likitokea chini ya video: "Kizimba cha mwisho kushoto. Tazameni masikio." Chinchila hatoi jasho. Joto la mwili wake hupungua kupitia masikio, na joto likimzidi masikio huwa mekundu, mnyama hulala ubavu, na asiposaidiwa mapema hufa. Ukumbini watu walikuwa wamemzunguka jaji, kila mmoja na mnyama wake moyoni. Yule wa kizimba cha mwisho hakuwa wa dada wala wa rafiki yake. Dada aliandika tena, mara ya pili, mara ya tatu. Hatimaye aliyekuwa kwenye kamera akasoma, akaita mtu, na kizimba kikaondolewa pale kikapelekwa penye ubaridi. Baadaye tuliambiwa mnyama alikuwa mzima.

Kamera iliyoshindwa kuonyesha ubuluu wa manyoya iliweza kuonyesha wekundu wa masikio. Na ukumbi mzima wenye macho ulionwa na mtu mmoja aliyefungwa kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba tunauliza vibaya. Tunauliza mtu ameona kiasi gani, kana kwamba kuhudhuria ni kazi ya macho. Lakini macho hayana pazia. Kuona ni rahisi, hata mpita njia huona. Kwetu, aliyehudhuria ni yule anayeweza kutumwa. Nenda matanga yoyote uangalie. Hujamaliza kusalimia, unaambiwa, "Hebu shika upande huo wa turubai," au, "Maji yameisha, kimbia." Hakuna anayekuuliza umeona nini. Ukiwa hapo, mikono yako ni ya wenye shughuli. Na asiyetumwa na mtu hujituma mwenyewe, kama alivyofanya dada kwa mnyama asiye wake.

Kwa kipimo hicho, dada alihudhuria. Na kwa kipimo hichohicho, mimi nina deni.

Shangazi alifariki mwezi wa nane mwaka huohuo. Dada hangeweza kusafiri, mashine haikuruhusu. Familia ilikodi kijana wa kamera, na mazishi yakarushwa kutoka Wundanyi. Mimi nilikuwa Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Voi kuna treni, na kutoka Voi kupanda Wundanyi kuna matatu. Nilikuwa na ripoti ya kukamilisha, nilikuwa na uchovu, nilikuwa na sababu zote ambazo mtu huwa nazo. Zaidi ya yote nilikuwa na linki. Nilituma mchango wangu kwa M-Pesa, nikanunua bando, nikajilaza palepale nilipotazamia chinchila.

Watu zaidi ya 300 walikuwa wakitazama. Nikaona majina ya jamaa wa Mombasa, wa Voi, hata mmoja wa Mwatate, ambaye angefika kwa matatu kabla chai yake haijapoa. Tuliandika "pumzika kwa amani" na vikatuni vya mikono iliyounganishwa. Kisha jina la dada likatokea: "Kaka, nakutafuta kwenye picha sikuoni. Umesimama wapi?"

Sikumjibu. Nilizima simu nikasema mtandao umekatika, na huo ndio uongo wa pekee ambao dada hajawahi kuniuliza juu yake.

Sisemi matangazo ya mubashara yakomeshwe. Anayesema hivyo hajawahi kumfikiria mtu aliye kwenye kiti kile. Kwake yeye simu ile haikuwa starehe. Ilikuwa mlango, na ikibidi kuchangisha ili mlango huo uwe na taa nzuri na sauti safi, nitatoa. Tena nadhani anayerusha anawajibika kusoma yanayoandikwa chini. Kumruhusu asiyeweza kuja atazame tu, bila kusikilizwa, ni kumfanya dirisha.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya asiyeweza tumeujaza sisi tusiotaka. Tunapita humo tukiwa na miguu mizima, tukijiita watazamaji wa mbali, na hakuna anayeweza kututofautisha, kwa sababu kwenye skrini majina yetu yote yana ukubwa mmoja. Ni mwenyewe tu anayejua. Mimi najua.

Mwezi huu kuna maonyesho mengine, na dada amenitumia linki. Nitatazama naye, maana Minnesota sifiki. Ila arubaini ya shangazi imeshapita bila mimi, na kaburi bado halijajengewa. Mjomba aliniandikia kwamba wanatafuta mtu wa kusimamia mchanga na saruji. Nimekata tiketi ya Ijumaa. Safari hii hakuna atakayerusha chochote, labda mimi mwenyewe nimpigie dada simu ya video, anitume.