Riwaya Kwanza, Mwongozo Baadaye

Wanangu, kila shule zinapokaribia kufunguliwa mnaniletea swali lile lile. Mtoto anaingia darasa la saba, au kidato cha kwanza, au kwa ndugu zetu wa Kenya gredi ya saba. Asome riwaya gani? Mnataka orodha, na mnaitaka fupi, ya kuandika kwenye simu, mpite nayo dukani mkitoka kazini. Nimechoka kuwajibu, lakini nitawajibu tena. Orodha nitawapa. Ila kaeni kwanza mnisikilize, kwa sababu vitabu si kwamba hamnunui. Mnanunua. Kinachonisumbua ni mnavyowafanyia watoto baada ya kuvinunua.

Mtoto hajafika ukurasa wa kumi keshaulizwa dhamira ni ipi. Hajamjua mhusika kwa sura, keshatakiwa aeleze wasifu na umuhimu wake. Hajacheka, hajaogopa, keshakabidhiwa fani na maudhui. Nimewahi kushika nakala ya Watoto wa Maman'tilie iliyokaa na mtoto mwaka mzima. Jalada linang'aa, na kurasa mbili za katikati bado zimeshikana pale kiwandani zilipokatwa vibaya. Hakuna aliyepitisha hata ukucha kuzitenganisha. Mwongozo uliokuwa pembeni yake, huo ulikuwa umechakaa, umefungwa selotepu mgongoni, umepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Nikamuuliza mwenye kitabu: Zita na Peter walifukuzwa shule kwa nini? Akanijibu bila kusita kwamba mwandishi anakemea umaskini, ulevi na malezi mabaya. Nikamwambia, babu, sikukuuliza anakemea nini. Nimekuuliza walifukuzwa kwa nini. Akanyamaza. Walifukuzwa kwa kukosa ada na sare, jambo ambalo mtoto yeyote wa uswahilini analielewa kwa moyo wake, na ndiyo maana mwandishi, Emmanuel Mbogo, aliliandika. Lakini huyu wetu hakukutana nalo. Alikutana na neno umaskini.

Sasa msije mkasema mzee analaumu walimu. Mwalimu ana darasa la watoto wengi na mtihani unamkodolea macho, anafanya linalowezekana. Nyinyi wazazi ndio mnaokwenda kununua mwongozo kabla ya kitabu chenyewe, mkaona mmeokoa pesa. Na nyumbani mnaendeleza yale yale ya shuleni: "Umesoma? Umejifunza nini?" Mtoto akitoka kutazama mpira hamumuulizi amejifunza nini. Mnamuuliza nani kafunga.

Haya, orodha.

Mtoto wa miaka 11 au 12, hasa yule asiyependa kusoma, mwanzisheni na vitabu vya Bwana Msa, mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya uandishi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na mpaka leo sijaona kitabu cha Kiswahili kinachomkamata mtoto haraka kama kile. Mtu mwenye heshima zake anakutwa ameuawa penye mzimu. Watu wa shamba wanasema mizimu hiyo. Polisi wamechanganyikiwa. Halafu anakuja bwana mmoja mtulivu na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum ambaye kila mara anadhani amefahamu kumbe bado. Bwana Msa habishani na mtu kuhusu mizimu. Anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi, anatazama, anavuta kiko. Mtoto aliyelelewa na hadithi za majini pale anaona, pasipo kuhubiriwa, kwamba jambo la kutisha linaweza kuchunguzwa. Na Kiswahili chake! Kile cha barazani, cha watu wanaojua kutaniana bila kuvunjiana heshima. Akimaliza hicho atawaomba Kisima cha Giningi mwenyewe, kisha Duniani Kuna Watu, kisha Siri ya Sifuri. Hapo kazi yenu ni kuvitafuta tu, maana vingine havipatikani kirahisi siku hizi. Ulizeni wenye vitabu vya mitumba, na wastaafu wenzangu.

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Nawajua, mnalisikia jina la Shaaban Robert mnamkimbilia mtoto na Kusadikika, kwa sababu ndicho mlichosoma nyinyi. Subirini. Adili, kilichotoka 1952, ni kitabu chembamba na kimejaa mambo ya ajabu: liwali mwema sana anayesifiwa kila mahali, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili. Mfalme anapata habari, anamwita ajieleze. Kumbe manyani wale ni ndugu zake wa kuzaliwa. Nani atafunga kitabu hapo akalale? Msomeeni kwa sauti sura mbili za mwanzo, kwa sababu sentensi za Shaaban zina mwendo wake, na sikio likishauzoea, jicho halipati taabu. Mzazi mwenye aibu ya kusoma kwa sauti mbele ya mtoto wake mwenyewe mimi simwelewi.

Kusadikika kije baadaye, akiwa na miaka 13 au 14. Na hata hapo msimpe kama dawa. Kitabu kimejigawa chenyewe: Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na jinsi kila mmoja alivyolipwa mabaya aliporudi na mema. Mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, basi. Siku ya nne ataanza kukasirika juu ya nchi ile. Akikasirika, ndipo mwambieni kwamba kilichapwa 1951, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Mwingereza, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Mwacheni aunganishe mwenyewe. Mkimwambia kabla hajaanza, mmekwisha kumsomea kitabu chote.

Kwa mtoto wa Tanga, na kwa kila mtoto anayelelewa na asiyekuwa mama yake, kuna Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, kilichotoka 1996. Kongowea ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, maisha yanageuka, na kijana anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mwandishi mwenyewe alitutoka 2020, Nairobi, na watoto wengi wa Kenya walimlilia kama mjomba wao, kwa kuwa kitabu hiki walikisoma shuleni. Walibora alipenda msamiati, tena sana. Wako wanaowatuma watoto wakachume misemo mle ndani waipachike kwenye insha, na insha zote zikatoka zinafanana. Msifanye hivyo. Mtoto akikwama penye neno, mwambieni asonge mbele. Safari ya Kongowea itamvuta, na neno lile atalikuta tena.

Takadini cha Ben Hanson mtakikuta kwenye orodha za shule, na safari hii orodha za shule zimepatia. Sekai anazaa mtoto mwenye ualbino, mila zinataka mtoto huyo asiishi, mama anambeba na kukimbia. Kisa ni cha Zimbabwe, lakini sisi katika nchi hii hatuna haki ya kukisoma kama cha jirani. Tunayajua yaliyowapata wenzetu wenye ualbino hapa kwetu. Someni pamoja na mtoto. Mimi hiki sitaki akisome kwa mwongozo hata kidogo.

Tafsiri za kale, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote za 1929, zina Kiswahili kizuri na vituko vingi. Ile ya Mfalme Sulemani ina macho ya Mzungu anayemtazama Mwafrika kwa juu, kwa hiyo mzazi awe karibu. Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy, cha 1960, ni chembamba na kinafaa kwa anayetaka kujua harusi na mila za Unguja zilivyokuwa. Sina mengi ya kuongeza hapo.

Mtaniuliza habari za vitabu vya wapelelezi, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Tangu Kufa na Kupona kilipotoka 1974 vijana wanavisoma chini ya dawati, na watavisoma mtake msitake. Vina risasi, pombe na wanawake wa kupita njia. Kwa wa miaka 12 sivipendekezi. Lakini mkimkuta navyo, msimpokonye, wala msivichane. Vijana wengi wa zamani walijifunza kusoma haraka kupitia vitabu hivyo, na baadhi yao leo ndio wanaosahihisha mitihani ya watoto wenu.

Na Rosa Mistika. Hiki ndicho mnachoninong'oneza mkitazama pembeni. Kezilahabi alikitoa 1971, kikazuiwa mashuleni, baadaye kikaingia. Si cha darasa la saba. Kingojeeni kidato cha tatu. Ila nawaomba akina baba mkisome nyinyi kwanza, sasa hivi, wakati binti bado mdogo. Kuna mahali Zakaria anaikuta barua ambayo kijana amemwandikia Rosa, na anampiga binti yule kipigo cha kumwaibisha. Yote yanayofuata yana mizizi katika kipigo kile. Baba akishausoma ukurasa huo, naamini ataikunja barua ya binti yake tofauti siku atakapoiokota, au siku hizi niseme ujumbe wa simu.

Akifika 14 na amevimaliza vile vya mwanzo, mpeni Kuli cha Adam Shafi, habari za Rashidi na wapakizi wa bandari ya Unguja walivyogoma 1948. Kama kuna mzee kwenu aliyewahi kubeba magunia bandarini, mkalisheni mtoto karibu naye na kitabu mkononi, mwondoke. Mwongozo wa Kuli, kama mmeshaununua, niachieni mimi hapa. Nitaurudisha wiki ya mtihani.